Dawa za Kukuza Mwili: Ushahidi Uko Wapi?

Sheria yetu humtaka mwenye kudai alete ushahidi. Basi na tuzipime kwa mizani hiyo dawa wanazotangaziwa vijana wetu, zidaiwazo kuiamsha tezi iliyo chini ya ubongo ili itoe homoni ya ukuaji kwa wingi.

Ya kwanza ni tesamorelini. Marekani iliiidhinisha mwaka 2010, baada ya majaribio kuthibitisha kuwa hupunguza mafuta ya tumboni kwa wenye virusi vya Ukimwi. Ushahidi huo ni madhubuti, lakini wawahusu wagonjwa hao, wala si kijana mwenye afya atakaye misuli.

Ya pili ni ibutamoreni, isiyoidhinishwa. Jaribio lililofanywa kwa wazee 65, likatangazwa mwaka 2008, lilionyesha kuwa homoni iliongezeka na nyama ya mwili ikazidi kidogo. Lakini nguvu hazikuongezeka, na sukari ya damu ilipanda.

Twaona, basi, kwamba kuzidi kwa homoni si kuzidi kwa nguvu. Na alalaye mapema baada ya Isha, usingizi wake mzito wa mwanzo huiamsha tezi hiyo hiyo bila ya gharama wala dhara. Enyi vijana, mwili ni amana. Msiukabidhi kwa mwuzaji asiye na ushahidi.