Bodi tatu za wakati wa vita zilizotangulia oda ya 500

KARAKANA ya bodi za magari ya Reutter, mjini Stuttgart, Ujerumani, ilipewa kazi ya kuunda bodi tatu za magari ya Type 64. Ofisi ya Porsche iliyasanifu kwa mashindano ya Berlin hadi Roma, yaliyopangwa kufanyika Septemba 1939. Vita vilipozuka mwezi huo, mashindano yalifutwa. Kazi haikusimama, gari la tatu lilikamilika mwaka 1940.

Kibiashara, oda ya bodi tatu inawezekana kwa sababu moja. Mashine za kukandamiza mabati hurudisha gharama pale tu magari yanapouzwa kwa maelfu. Kwa magari machache, bati la alumini hukunjwa na kupigwa nyundo kwa mkono. Hapo mtaji mkubwa ni fundi mwenyewe, na karakana inayompoteza hupoteza soko lake.

Reutter ilivuna baada ya vita. Mwaka 1949 Porsche iliiagiza bodi 500 za gari la 356, safari hii za chuma. Mwaka 1963 mteja huyo alikubaliana kuinunua karakana yenyewe.