Sukari Nyekundu Si Moja

Katika vijiji vya karibu na Kolwezi, kina mama wengi hupika mikate ya kukaanga na kuiuza kwa watu waendao migodini. Unga wa ngano na mafuta hununuliwa kwa fedha. Mikate ikiharibika, faida imepotea. Basi ijueni sukari mnayoitia.

Maji ya miwa yakichemshwa sana hutoa punje za sukari na uji mzito mweusi, ndio molasi. Hiyo molasi ndiyo iletayo tofauti.

Ya kwanza ni sukari kavu ya punje kubwa. Molasi yake ni kidogo, nayo haiyeyuki upesi. Iyeyusheni kwanza katika maji ya vuguvugu. Punje zikibaki nzima zitaungua mafutani.

Ya pili ni sukari laini yenye unyevu. Molasi yake ni zaidi, kwa hiyo mkate haukauki upesi. Ishindilieni katika kikombe, la sivyo kipimo kitapungua.

Ya tatu ni sukari guru, iliyogandishwa pamoja na molasi yake. Ikwangueni, iyeyusheni, ichujeni. Na maji hayo myahesabu katika maji ya kukandia unga.

Tena, molasi ina uchachu kidogo, nao huamsha soda ya mikate. Sukari nyeupe haina uchachu huo; tieni maziwa yaliyochacha au maji ya ndimu. Lakini sukari yenye molasi nyingi huungua upesi. Punguzeni moto, mkate upate kuiva ndani.

Ajuaye sukari yake hatupi unga.