Wind Waker: Uzuri na kasoro za mchezo wa bahari kwa vijana wa Kisii na Nyamira

KAUNTI za Kisii na Nyamira hazina bahari. Maji makubwa yaliyo karibu ni Ziwa Victoria, ambalo siku ya anga safi huonekana kwa mbali kutoka kilele cha milima ya Manga.

Hata hivyo, kijana wa Ogembo, Keroka au Nyansiongo anaweza siku hizi kupandisha tanga, kusoma upepo na kutafuta hazina baharini bila kutoka sebuleni kwao. Hayo ni matunda ya michezo ya video, ambayo imeingia katika nyumba nyingi na pia katika vibanda vya mijini, ambako vijana hulipia kila mechi wanayocheza.

Kati ya michezo ya aina hiyo inayohusu safari za majini, mmoja uliosifiwa mno na kulaumiwa pia ni The Legend of Zelda: The Wind Waker. Ulitengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani na kutolewa nchini humo Desemba 2002, kisha Marekani na Ulaya mwaka wa 2003. Aliyeuongoza ni Eiji Aonuma, naye Shigeru Miyamoto, mwasisi wa mfululizo wa Zelda ulioanza mwaka wa 1986, akawa miongoni mwa watayarishaji wake.

Mzazi anayeulizwa na mwanawe fedha za kununua mchezo kama huu anastahili kujua anachonunua. Vivyo hivyo kijana anayetaka kuutolea wikendi zake.

Kisa chenyewe kinaanza katika kisiwa kidogo. Mvulana anavishwa nguo za kijani siku yake ya kuzaliwa, kama ilivyo desturi ya kisiwa hicho. Siku iyo hiyo, ndege mkubwa anamnyakua dada yake mdogo na kumpeleka katika ngome ya mbali. Kijana huyo anaondoka na kundi la maharamia kwenda kumtafuta, na baadaye anapata mashua yenye uwezo wa kuzungumza.

Kadiri safari inavyoendelea, anagundua kwamba chini ya bahari hiyo kuna ufalme wa kale uliozamishwa na miungu ili kumzuia adui aitwaye Ganondorf. Visiwa anavyovizuru ni vilele vya milima ya nchi iliyofunikwa na maji. Mkazi wa nyanda za juu za Gusii hatapata taabu kuiona picha hiyo akilini mwake: ni kana kwamba maji yangefunika mabonde yote, yakaacha vilele vya Manga pekee.

Uzuri wa kwanza wa mchezo huu ni picha zake. Nintendo ilipozionyesha mwaka wa 2001, mashabiki wengi walikasirika. Walikuwa wametarajia mchezo unaofanana na sinema, wakaonyeshwa picha zilizochorwa kama katuni. Wengine waliudharau wakisema ni wa watoto wachanga.

Miaka imewaumbua. Michezo mingi ya wakati huo iliyojitahidi kuiga sura halisi za watu leo inaonekana kuukuu, ilhali Wind Waker bado unapendeza macho. Sababu ni kwamba mchoro haushindani na uhalisi, hivyo hauzeeki uhalisi unapoboreshwa na mashine mpya.

Uzuri wa pili ni upepo. Mchezaji hupewa kijiti kinachofanana na kile cha kiongozi wa kwaya, na kwa kukipunga kwa mpangilio maalumu huamua upepo uvume kuelekea upande gani kati ya pande nane. Upepo ukiwa nyuma ya tanga, mashua hukimbia. Ukiwa mbele, hujikokota.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua jambo hilo tangu enzi za mababu. Majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yalisukumwa na upepo wa kaskazi, ambao huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, yakasubiri kusi ili yarejee makwao. Tofauti ni kwamba nahodha wa Lamu au Mombasa alilazimika kungoja miezi, naye mchezaji hungoja sekunde chache tu.

Tatu, mchezo unamjengea mtu ari ya kutafuta. Bahari yake imegawanywa katika miraba 49, na kila mraba una angalau kisiwa kimoja. Ramani huanza ikiwa karibu tupu. Mchezaji akifika mahali, humrushia samaki mmoja chambo, naye samaki huyo humchorea eneo lile. Ramani hujaa kwa juhudi za mwenye kusafiri.

Aidha, hadithi yake ina uzito kuliko sura yake ya kitoto inavyodokeza. Adui hakuumbwa mwovu bila sababu. Anatoka katika jangwa ambako upepo uliwaletea watu wake mauti, akaitamani nchi ya wenzake yenye rutuba. Mfalme wa zamani naye anabeba majuto ya ufalme aliopoteza. Wote wawili wanatazama nyuma, na swali la mchezo ni iwapo vijana watalazimishwa kubeba ugomvi wa wazee au wataruhusiwa kutafuta nchi yao wenyewe. Hilo ni swali ambalo familia yoyote inayogombania shamba la urithi inalielewa.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba bahari hiyo ni kubwa lakini nyingi yake ni tupu. Mchezaji anaweza kuketi dakika kadhaa akitazama maji tu huku mashua ikielekea kisiwa cha mbali. Kila anapobadilisha mwelekeo hana budi kusimama, kutoa kijiti na kuamuru upepo upya. Lililofurahisha mara ya kwanza huchosha mara ya hamsini.

Kasoro ya pili, ambayo wahakiki wengi waliitaja, inajitokeza karibu na mwisho. Mchezaji hutakiwa kukusanya vipande 8 vya hazina iitwayo Triforce. Kila kipande kina ramani yake, na kila ramani lazima isomwe na mhusika mmoja anayetoza sarafu 398. Jumla yake ni sarafu 3,184. Baada ya kulipa, mtu husafiri tena hadi mahali palipotajwa na kuopoa kipande kutoka chini ya maji. Hadithi iliyokuwa imepamba moto husimama ghafla ili kijana azunguke akitafuta fedha.

Ilibainika baadaye kwamba baadhi ya sehemu zilizokusudiwa kuwamo ziliondolewa ili mchezo ukamilike kwa wakati. Pengo hilo linaonekana. Isitoshe, mapigano yake ni mepesi mno kwa mchezaji mzoefu, kwa kuwa mapigo ya maadui hayaumizi sana.

Nintendo yenyewe ilikiri kasoro hizo kwa vitendo. Toleo jipya la mwaka wa 2013, lililotengenezewa mashine ya Wii U, lilileta tanga la kasi ambalo daima huvuta upepo kutoka nyuma. Vipande 5 kati ya 8 vikawa vinapatikana moja kwa moja bila kununua usomaji wa ramani. Anayeweza kuchagua kati ya matoleo hayo mawili atafaidika zaidi na hilo la pili.

Je, mchezo huu unafaa kwa kijana wa Kisii au Nyamira? Jibu linategemea mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Wahusika wake karibu hawazungumzi kwa sauti. Maneno yao huandikwa kwenye skrini, nayo hayapatikani kwa Kiswahili wala Ekegusii. Asiyeweza kusoma Kiingereza vyema atapotea, kwa kuwa vidokezo vyote vimo katika mazungumzo hayo. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayeifahamu lugha hiyo kwa kiasi atalazimika kusoma mamia ya sentensi kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo walimu wengi hulitamani.

La pili ni muda. Kumaliza hadithi kuu huchukua takriban saa 30. Mtoto anayeruhusiwa saa mbili Jumamosi na saa mbili Jumapili atahitaji wiki saba au nane, yaani zaidi ya nusu ya muhula. Ndiyo sababu mchezo wa namna hii haufai kibandani. Mechi ya kandanda huisha kwa dakika chache na mwenye kibanda akapata malipo yake. Safari ya baharini haina kipenga cha mwisho, na mchezaji anayelipia muda atajikuta akilipa ili atazame maji.

Umeme nao usisahaulike. Toleo la awali halijihifadhi lenyewe. Stima ikipotea kabla mchezaji hajahifadhi hatua yake, jasho lake limekwenda bure. Hata akihifadhi akiwa ndani ya pango la maadui, akirejea huanzia mlangoni.

La tatu ni gharama. GameCube na Wii U hazitengenezwi tena. Tangu Juni 2025, toleo la awali linapatikana kwenye mashine ya Nintendo Switch 2, lakini ni kwa wanaolipia huduma ya mtandaoni ya kampuni hiyo. Kwa familia inayotegemea majani chai au ndizi, hizo si fedha za mzaha. Wapo wanaokimbilia nakala za wizi, lakini sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo.

Kwa vijana wanaosomea teknolojia, mchezo huu una funzo jingine. Mwaka wa 2015, Kenya ilishuhudia kutolewa kwa Nairobi X, mchezo wa mapigano uliobuniwa na Wakenya, hivyo kazi hii haiko nje ya uwezo wao. Wind Waker unaonyesha kwamba mtindo wa kipekee wa kuchora hudumu kuliko mbio za kuiga uhalisi, na kwamba hadithi nzuri inaweza kudhoofishwa na kazi ya kujaza muda.

Kwa jumla, mwenye subira, anayependa kusoma na mwenye mashine nyumbani atapata humo safari ya kukumbukwa. Anayetaka ushindi wa haraka na makelele ya wenzake nyuma yake ni heri abaki na kandanda. Naye mzazi, kabla ya kutoa fedha, afanye hesabu ya saa 30 hizo na kukubaliana na mwanawe zitatoka wapi.