Kajaga: kwa nini ziwa hurudi kudai ardhi yake

Kilomita chache kutoka katikati ya Bujumbura, kandokando ya barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, iko Kajaga. Leo inajulikana kwa fukwe, hoteli na nyumba za kifahari. Hata hivyo, kwa muda mrefu ilikuwa nyika ya nyasi na matete yenye wakazi wachache, wengi wao wavuvi, wakulima na wafugaji.

Uchache huo wa watu ulikuwa na sababu. Kajaga iko katika tambarare ya Imbo, kati ya Ziwa Tanganyika na delta ya mto Rusizi, ambako viboko na mamba wangali wanaishi. Mbu wa malaria hawakukosekana, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kandokando ya ziwa. Warundi wengi waliishi milimani, penye hewa baridi.

Ili kuifahamu ardhi hii, ni lazima kwanza kulifahamu ziwa. Novemba 1871, Livingstone na Stanley walifika kwenye mlango wa Rusizi na kuthibitisha kwamba mto huo huingia ziwani, wala hautoki humo. Maji ya Ziwa Tanganyika yana njia moja tu ya kutokea: mto Lukuga, karibu na Kalemie, upande wa Kongo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji hayapiti huko, bali hugeuka mvuke kwa jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo, ziwa hujaa upesi na kupungua polepole.

Katika karne ya 19, Lukuga uliziba kwa mchanga na majani, na ziwa likapanda. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa likashuka kwa takribani mita 10. Tambarare nyingi za kandokando ya ziwa ziliachwa wazi wakati huo. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka iliyotangulia, ziwa lilipanda tena hadi kiwango cha juu kabisa katika karne ya 20. Madhara kwa makazi yalikuwa machache, kwa kuwa makazi yenyewe yalikuwa machache.

Hali hiyo imebadilika. Jiji lilipopanuka, viwanja vilipimwa hadi ukingoni mwa maji, ingawa sheria ya maji ya mwaka 2012 inahifadhi ukanda wa mita 150 kutoka ziwani. Aprili 2020 Rusizi ulifurika Gatumba na kuwahamisha maelfu ya watu. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda hadi kiwango kinachokaribiana na kile cha 1964, na maji yakaingia katika nyumba za Kajaga.

Mwenye uwezo huhamia kwingine. Mvuvi na mpangaji hubaki wakisubiri maji yapungue. Nayo yatapungua, kama yalivyopungua zamani. Lakini historia ya ziwa hili yaonyesha kwamba maji yaliyoondoka hurudi, na kwamba anayejenga Kajaga hana budi kupima kiwanja chake kwa alama ya mwaka 1964, si kwa ufuko anaouona wakati wa kiangazi.