Inakula, haishibi

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki hii mpaka mwisho, ulimsikia Mama kwa mbali akisema, "Inakula, haishibi." Hakuwa anamsema mdogo wangu. Alikuwa anaisema laptopu yake.

Mama anasoma UNISA, usiku baada ya kazi, na mitihani anaifanya mtandaoni, pale pale mezani tunapolia chakula. Jumatatu saa nane mchana alikuwa na mtihani. Ijumaa jioni laptopu inaonyesha asilimia 11, waya umechomekwa, taa inawaka, na maandishi madogo yanasema imechomekwa lakini haichaji. Baada ya saa nzima, bado 11. Ukichomoa waya, robo saa tu imezima.

Mtu wa mji mwingine angesema, si uiache kwenye waya tu? Sisi tumekulia Joburg. Mwaka 2023 mgao wa Eskom ulikuwa wa karibu kila siku, na hata baada ya kusimamishwa Machi 2024, mtaani kwetu umeme (au stima, kama wazazi wako ni Wakenya) bado unakatika: mara waya umeibiwa, mara transfoma imelemewa. Mtihani wa mtandaoni bila betri ni kamari.

Baba alishatoa hukumu: betri imekufa. Duka moja lilitaka randi 1,400. Nikamwambia asubiri. Mimi ndiye "mtoto wa kompyuta" wa nyumba hii, cheo nilichopewa bila kuulizwa, na nina sheria moja tu: anza na vitu vya bure.

Nikaanza ukutani. Laptopu ililetwa na shangazi kutoka Dar, kwa hiyo plagi yake ina miguu mitatu bapa. Soketi za hapa zinataka miguu mitatu minene ya mviringo. Miaka yote tumetumia kile kiunganishi cha msafiri, na nilipokigusa kilikuwa cha moto na kinacheza. Umeme wenyewe hauna tofauti, volti 230 kule na huku, na chaja nyingi zinapokea 100 hadi 240. Tatizo ni mguso tu. Na huhitaji kununua chaja nzima: kile kipande cha kutoka ukutani hadi kwenye kitofali, chenye kichwa kama masikio ya Mickey Mouse, kinauzwa peke yake chenye plagi ya hapa. Nikabadilisha. Bado 11. Lakini angalau nyumba haitaungua.

Halafu nikazima kabisa, nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 kuondoa umeme uliobaki ndani. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Safari hii wapi.

Kama yako inagoma kwenye 60 au 80, usilie bado. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kulinda betri, zinasimama hapo makusudi. Tafuta kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza. Ya Mama iligoma kwenye 11, kwa hiyo siyo hilo.

Sasa betri yenyewe. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili muhimu: betri ilizaliwa na uwezo gani, na leo inabeba kiasi gani. Ya Mama ilizaliwa na 42,000, leo 33,500. Yaani imezeeka, haijafa. Randi 1,400 za Baba zingekwenda bure.

Ndipo nikageuza chaja na kusoma kibandiko, jambo ambalo ningefanya mwanzo kabisa kama ningekuwa na akili. Chaja ya zamani ilikatika mwezi wa tatu, tukanunua nyingine kwenye meza moja mjini. Ilikuwa imeandikwa volti 19.5, ampea 2.31. Zidisha: wati 45. Chini ya laptopu kumeandikwa volti 19.5, ampea 3.34, yaani wati 65. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, ndiyo maana hatukushtuka. Halafu kuna kitu cha pili. Kwenye Dell na HP nyingi, kile kipini chembamba cha katikati hakipitishi umeme wa kuchajia. Kinaiambia kompyuta hii ni chaja gani. Kompyuta isipoitambua inaweza kuendelea kuwaka, lakini betri haiilishi.

Jumamosi tukaenda kwa fundi, Rockey Street, Yeoville. Yeye ni wa Bukavu, Mama ni wa Tanga. Akachomeka chaja yake ya wati 65, tukasubiri. 12. 13.

"Mama, betri iko muzima," akasema. "Chaja njo inakudanganya."

Mama akasogea. Alidhani anaitwa. Ilibidi fundi aeleze, huku akicheka, kwamba kwao "njo" ni "ndiyo". Mimi niliyezaliwa Hillbrow nikasimama katikati ya Viswahili viwili, navyo vyote nimevijua nusunusu.

Wenye laptopu za USB-C, mambo yenu ni yale yale kwa sura nyingine. Chaja ya simu ya wati 18 itaingia kwenye tundu, lakini laptopu itaidharau. Waya wa kawaida wa USB-C unaishia wati 60. Ukitaka 100, tafuta uliotengenezwa kwa hiyo kazi. Na chungulia tundu, vumbi la mfukoni hukaa humo. Zima kwanza, kisha ulitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, siyo pini.

Kitu kimoja sitanii nacho: ukiona sehemu ya kugusia kidole imeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, betri imevimba. Acha kuchaji hapo hapo. Usiitoboe, usiitupe kwenye pipa la taka. Peleka kwa fundi.

Jumatatu saa nane Mama akakaa mezani, asilimia 100. Sisi wote tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole tukisubiri umeme ukatike. Haukukatika hata sekunde moja, na nadhani alisikitika kidogo. Alipomaliza akachomoa chaja mwenyewe, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake wa kazini. Mpaka leo iko humo. Ukiitaka, unaomba.