Kuizuru Uingereza kwa Njia ya Sinema

Watu wengi wa Homa Bay na Migori hawajapata kufika Uingereza, wala nauli ya kwenda huko si jambo dogo. Lakini siku hizi mtu mwenye simu ya kisasa aweza kukaa kivulini kando ya ziwa, akaiona treni ikipita katika milima ya Scotland, au akautazama mji wa London ulivyokuwa miaka mia moja iliyopita. Leo twataka kueleza habari za picha hizo, za zamani na za sasa, na namna ya kuzitazama ili mtu apate faida pamoja na furaha.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya kutengeneza sinema kwa ajili ya makoloni, nayo ilifanya kazi hadi mwaka 1955. Magari yenye mashine ya sinema yalizunguka vijijini. Usiku ulipoingia kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, watu wakaketi chini, na mfasiri akasimama na kipaza sauti akieleza mambo kwa lugha ya wenyeji. Sinema moja ya mwaka 1940 ilionyesha maisha ya siku moja ya jamaa ya Kiingereza: nyumba nadhifu, baba ana kazi, watoto wana shule. Mitaa ya maskini haikuonyeshwa, ingawa ilikuwako. Basi hilo ni fundisho la kwanza: mwenye kamera huchagua la kuonyesha na la kuacha. Hata leo, kijana atazamaye picha nzuri za Ulaya asidhani kwamba ameona yote.

Ziko sinema za kale zaidi. Kati ya mwaka 1900 na 1913 kampuni ya Mitchell and Kenyon, ya mji wa Blackburn, ilipiga picha za wafanyakazi wakitoka viwandani na watu wakipanda tramu. Wenyeji walilipa kiingilio ili wajione wenyewe. Baadaye picha hizo zikasahauliwa, hata mwaka 1994 mamia ya filamu yakakutwa ndani ya mapipa ya chuma chini ya duka moja.

Huenda ukashangaa kuwaona watu wa sinema hizo wakitembea mbio mbio. Sababu ni hii: mpiga picha wa zamani alizungusha kamera kwa mkono, akapata picha kama 16 kwa sekunde. Mashine za baadaye huonyesha picha 24 kwa sekunde. Kwa hiyo mwendo wa sekunde tatu humalizika kwa sekunde mbili.

Apendaye mandhari na aitafute safari ya Claude Friese-Greene. Kati ya mwaka 1924 na 1926 alisafiri kwa motokaa kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi, hata John o'Groats kaskazini, akipiga picha za rangi wakati ambapo sinema nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe. Na mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka filamu 85,000 za habari za kale katika mtandao wa YouTube, watu wazitazame bila malipo. Gharama ni ya intaneti tu, nayo yafaa ihesabiwe, maana sinema hula fedha upesi.

Ukiziona picha za viwanda vya meli vya mto Clyde, kumbuka meli iliyoitwa Rusinga, kwa jina la kisiwa chetu. Ilijengwa mwaka 1913 mjini Paisley, si mbali na mto huo, ikafunguliwa vipande vilivyotiwa namba, ikasafirishwa kwa bahari na reli, kisha ikaungwa upya Kisumu. Kumbe mandhari ya mbali yaweza kuwa sehemu ya historia ya ziwa letu.

Lakini liko swali la kujiuliza. Wajukuu wetu wataona nini juu yetu? Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zimesimama karne nyingi. Mambo mengine hayangoji. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana yakafunika pwani nyingi. Fundi wa mashua naye huzeeka, na ujuzi wake huondoka pamoja naye.

Kwa hiyo yafaa simu ile ile ya kutazamia Uingereza itumike pia kuipiga picha soko la Migori, wavuvi wakivuta nyavu, na wazee wakieleza mambo ya zamani. Omba ruhusa kwanza. Kisha andika siku, mahali na jina la kazi inayofanywa, na uweke nakala mbili mahali mbalimbali. Watu wa Blackburn hawakujua kwamba siku yao ya kawaida ingekuwa hazina; sisi tumekwisha kujua.