Tomati ya Agosti, sosi ya Januari

Kila anayenunua chakula soko ya Kenya anajua mwenendo wa tomati kwetu Lubumbashi. Wakati wa jua, bustani za pembeni ya mji zikinyweshwa vizuri, mabeseni yanajaa, na ikifika jioni muuzaji anakuongezea bila kuombwa. Mvua ikishika, kuanzia Novemba, majani yanaungua kwa ugonjwa, tunda linaoza lingali shambani, na karundo ka tomati nne kanakuwa na bei ya kushangaza. Hapo tunakimbilia vikopo vidogo vinavyotoka nje.

Katuba kuna familia moja, baba, mama na binti wawili, inayotafuta mkate wake kati ya misimu hiyo miwili. Wanapika sosi Agosti na Septemba, wanaiuza katika bokali za vioo mpaka mvua zikatike. Tulishinda kwao siku nzima, na tuliosha tomati pamoja nao, maana pale hakuna mgeni wa kukaa tu.

Tomati iliyoanza kuoza hawaichukui hata ya bure, kwani inapoteza uchachu wake, na uchachu ndio unaolinda sosi. Tomati inatumbukizwa katika maji ya moto mpaka ngozi ipasuke, inamenywa, inakatwa, inachemshwa, inachujwa mbegu. Kisha inarudi motoni kupungua polepole, na mwiko haupumziki. Kilo moja na nusu inatoa bokali moja tu ya nusu lita ya sosi nzito! Ndiyo maana makala yanawaumiza kuliko tomati yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, sufuria inahamia kwenye mbabula.

Ndani hamna kitunguu, hamna pilipili, hamna mafuta. Ni tomati na chumvi. Wateja wengine wanalalamika, lakini mama mwenye nyumba hasikii: mboga hizo zinapunguza uchachu, na kila mtu atakaanga kitunguu chake siku ya kupika sombe au samaki. Tunamuunga mkono. Katika kila bokali ya nusu lita anatia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu, yale ya chupa ya dukani, kwa sababu ukali wake haubadiliki kama wa ndimu za mtini. Chakula kisicho na uchachu wa kutosha, kikifungwa bila hewa, kinaweza kuzaa sumu ya botulismu. Sumu hiyo haina lazima ya kunuka wala kubadili rangi, na inaua.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mji wetu uko zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kwa hiyo dakika 35 zinazotosha kwa watu wa pwani hazitoshi kwetu. Bokali zilizojazwa sosi ya moto na kufungwa zinapangwa juu ya kitambaa ndani ya sufuria kubwa, maji yakipita vifuniko, na zinachemka dakika 45. Binti mdogo ndiye anashika saa, na anaanza kuhesabu maji yakishachemka, si mbele.

Kesho yake wanabonyeza kila kifuniko katikati. Kinachoruka chini ya kidole, bokali yake haiuzwi.

Vioo ni vya zamani, vya jamu, vimekaguliwa mdomo na kuchemshwa. Vifuniko vinanunuliwa vipya kila mara. Hapo ndipo faida inapoponyoka, maana kifuniko hakirudi. Anayerudisha bokali anapunguziwa bei. Mwaka huu wanafikiri kupeleka sosi katika maduka makubwa ya mjini, na hapo kuna karatasi na vipimo vya OCC, gharama ambayo baba anaiogopa na binti mkubwa anaitaka. Walikuwa bado wanabishana tulipoondoka.

Kwa sasa wanakosa vioo. Mwenye bokali za jamu zisizopasuka mdomo azilete siku ya mkutano wetu, tutazifikisha Katuba.